Daftari Namba 88 Liko Wapi?

4 Februari

Mpwa wangu, Mshika Tepu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti ndilo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Nyumba iko salama, ukiacha bati la jikoni linalovuja pale pale nilipoziba mwaka jana. Jirani yangu Mama Cherehani anakusalimu, na anasema lile gauni alilokushonea, ukinenepa usione haya, lirudishe aliongeze. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua. Simu haina nakala. Barua hii nimeiandika juu ya kaboni, na nakala yake imo kwenye boksi pamoja na nyingine zote.

Sasa kaa chini.

Mchwa wameingia stoo. Miaka arobaini na moja ya upimaji ardhi, madaftari mia mbili na kumi na mawili, na wao wameyageuza posho. Hawakubisha hodi, hawakuona aibu. Wameanzia rafu ya chini, liliko Namba 88, daftari la mtaa wetu. Nimelifungua ukurasa wa 14: upande wa kushoto yamebaki majina ya vitu nilivyopimia, tangi, ukuta wa shule, kalvati. Upande wa kulia, zilikokuwa namba, ni vumbi tupu.

Na ukurasa huo ndio roho ya mtu. Bwana Ghala, yule mwenye maghala nyuma yetu, anataka kujenga jingine, na nusu yake iingie kwenye kiwanja cha Mama Cherehani. Bikoni ya kona, lile jiwe la mpaka, imeng'olewa, na eti hakuna aliyeona. Wakili wake amesimama mbele ya baraza la ardhi akasema jiwe hilo nililisogeza mimi, zamani, kwa kuwa nilikuwa na urafiki na marehemu mume wa Mama Cherehani. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kusogeza hata kiti cha mtu bila ruhusa! Ofisi ya ramani nao wanasema walipohama jengo, jalada la mtaa wetu halikuhama nao. Baraza litakaa tena tarehe 14 Agosti. Nisipoonyesha namba, mjane atapoteza chumba chake cha kushonea, na mimi nitakufa nikiitwa mwizi wa mipaka.

Bahati ni kwamba nilikwisha kuyaskani yote, daftari kwa daftari, miaka miwili, macho yakinitoka machozi. Yamo kwenye kompyuta. Lakini kompyuta iko wapi? Chumba cha pili kutoka kwa mchwa! Kitu kikiwa mahali pamoja ni kama hakipo.

Nimetafuta mahali pa pili. Fundi wa kompyuta wa pale sokoni anataka niweke nakala mtandaoni. Nikamuuliza, "Zitakaa wapi?" Akasema, "Huko." Nikamuuliza, "Huko wapi?" Akasema, "Mzee, huko tu." Mtu mzima anakwambia uweke maisha yako huko tu! Kwa Mama Cherehani hapafai, kwani moto wa kwangu ni moto wa kwake. Ofisini pangu pa zamani hapafai, wamekwishaonyesha wanavyotunza.

Kwa hiyo nimenunua diski ya nje, nimejaza kila kitu, nakutumia kwa basi. Wewe uko mbali, mvua ya kwangu hainyeshi kwako. Iweke ndani ya lile kabati la chuma la mkwe wangu, mumeo. Na kila mwezi uichomeke, ufungue madaftari matatu nitakayokutajia, uniandikie unachokiona. Nakala isiyofunguliwa si nakala, ni matumaini. Mwezi huu nataka 12, 88 na 140.

Msalimie sana mkwe. Mtu wa maana yule, anavaa tai hata Jumapili.

Mjomba wako


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo. Kazini ni vumbi la lenzi mpaka kwenye nyusi. Wiki hii tumekata miwani ya bibi mmoja ambaye alikuwa akivaa ya mumewe miaka kumi na minane. Alipovaa yake akaangalia viatu vyangu akasema ni vichafu. Msimamizi wetu Bi Lenzi, ambaye wewe ulimwogopa ulipokuja, naye anasalimu. Mpe pole Mama Cherehani, na mwambie sijanenepa.

Mzigo umefika. Nimefungua nailoni, nikakuta sponji. Nikafungua sponji, nikakuta taulo. Nikafungua taulo, nikakuta soksi. Mjomba, diski ilikuwa ndani ya soksi! Kondakta alidhani nimetumiwa mtoto mchanga.

Nimeifungulia hapa karakanani wakati wa chakula cha mchana. Diski inasoma. Daftari 12 lipo, 140 lipo. Na ili usinisumbue tena kuhusu 88, nakunakilia ukurasa wa 14 wote kama ulivyo: kutoka bikoni ya kona hadi nguzo ya tangi upande wa jua kuchomoza, mita 17.42. Hadi kona ya ukuta wa shule, mita 23.06. Hadi mdomo wa kalvati, mita 11.65. Chini kabisa umeandika, "Chupa ya kijani imezikwa chini ya bikoni, kina cha mita 0.9." Mjomba, mlizika chupa? Na kabla ya kuzikwa ilikuwa na nini ndani?

Sasa nami nina neno. Diski moja kwangu haitoshi. Diski huanguka, hufa yenyewe siku isiyo na jina, huibwa. Weka na mtandaoni pia. Si kitu cha kutisha: unapakia, unafunga kwa neno la siri lako, na hata nyumba yangu ikiondoka na yako ikiondoka, madaftari yapo. Niruhusu tu, nitakupakilia mwenyewe kutoka hapa kazini. Kila siku wewe ndiye uliyekuwa ukisema usiamini kipimo kimoja.

Diski nimeiweka kabatini kama ulivyotaka. Mkweo anauliza kila siku ina nini ndani. Nimemwambia ni viwanja vya watu, lakini haamini.

Mimi, Mshika Tepu


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, bati limehamisha tundu. Mama Cherehani amepata kazi ya sare za kwaya, cherehani inaunguruma kutwa nzima, nasikia raha kwa sababu najua bado ana chumba.

Namba zako za ukurasa wa 14 nimezilinganisha na skrini yangu, moja baada ya nyingine. Zimelingana. Nimetia tiki kwa kalamu nyekundu pembeni ya barua yako, nikaweka sahihi na tarehe, ndivyo tulivyofundishwa. Kuhusu chupa, kila mpimaji wa zamani alizika kitu chini ya jiwe, kwa sababu tuliwajua binadamu. Ilikuwa na soda. Nyamaza.

Lakini mtandaoni, hapana! Na usinirudie tena. Nilimwambia fundi anichapie masharti ya hiyo hifadhi, akacheka, akadhani natania. Kurasa thelathini na nane! Nimezisoma zote, nimeandika maswali sitini na moja pembeni. Ukurasa wa tisa wanasema wanaweza kubadilisha masharti wakati wowote. Ukurasa wa ishirini na mbili wanasema kitu kikipotea, wao hawahusiki. Sasa wanahusika na nini? Mimi ningempimia mtu kiwanja halafu nimwandikie kwamba mpaka ukipotea sihusiki, ningefungwa! Na ukisahau kulipia, wanafuta. Hata mchwa hula polepole.

Nyumba ya damu yangu ndiyo hifadhi. Kuna kuta, kuna kabati la chuma, kuna mwanamume makini anayefunga milango yake vizuri. Ninataka nini zaidi?

Mwezi wa nne nisomee 103, 7 na 61. Msalimie mkwe.

Mjomba


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mzima. Mimi mzima. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimezidi.

Barua zako kuanzia sasa zitume kwa sanduku la karakana, inakuwa rahisi kwangu kuzipata.

Nimesoma diski, iko sawa. Daftari 88, ukurasa wa 14: tangi 17.42, ukuta 23.06, kalvati 11.65.

Mpe salamu Mama Cherehani.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu nitazimaliza haraka: mimi mzima, goti bovu, Mama Cherehani mzima, bati linavuja.

Nimeisoma barua yako mara nne, ili nihakikishe kwamba si macho yangu. Nilikuomba 103, 7 na 61. Umeniletea 88! Ukurasa ule ule, namba zile zile ulizoniandikia Februari! Unadhani mimi ni mtoto wa kuimbiwa wimbo mmoja? Hukuifungua diski. Umenidanganya, tena kivivu.

Na umechagua mwezi wa kunidanganya. Tarehe 11 radi imepiga nguzo ya umeme hapa njia panda. Kompyuta yangu imetoa moshi. Fundi ameifungua, akanionyesha kitu cheusi, akasema, "Mzee, hapa hapana kitu." Kwa hiyo ile diski uliyo nayo sasa si nakala tena. Ndiyo pekee. Maisha yangu yote ya kazi yamo ndani ya soksi kwenye kabati lako, na wewe huna hata dakika tano za kuyatazama!

Usiniambie kwamba namba za 88 ninazo kwenye barua yako. Namba iliyonakiliwa na mkata lenzi kwenye karatasi ya mistari, pamoja na utani wa chupa, si ushahidi. Baraza linataka daftari, mwandiko wangu, sahihi ya siku ile. Wakili wa Bwana Ghala atacheka mpaka tai imkabe.

Nimevunja mwiko, nimepiga simu nyumbani kwako. Mkwe amepokea kwa adabu zake zote, akaniambia umesafiri kikazi. Fundi miwani anasafiri kikazi kwenda wapi? Macho yamehama? Nikamuuliza habari za diski, akasema ataangalia. Sijasikia kitu.

Sitaki maelezo. Nataka diski kwenye basi la Jumatatu. Kama umeiuza, au umewapa watu wawekee sinema, niambie nijue kwamba nilimlea mtu ambaye hajali. Mama yako, dada yangu, alikuwa hapotezi hata sindano.

Mjomba wako, ambaye bado anasubiri


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za familia za kukupa, kwa sababu habari za familia ndizo zenyewe.

Diski haiko kwangu. Iko kwenye kabati la chuma, na kabati liko ndani ya nyumba ya mkweo, na mimi si mtu wa nyumba hiyo tangu tarehe 6 Aprili. Ninaishi chumba cha nyuma ya karakana, kati ya mashine ya kusagia lenzi na maboksi ya fremu. Bi Lenzi amenipa godoro na hajaniuliza swali hata moja. Zile namba za Mei nilizinakili kutoka kwenye kikaratasi kilichobaki ndani ya mkoba wangu tangu Februari. Ndiyo, nilikudanganya. Niliona aibu, na nilijua utasema nini.

Nilijua kwa sababu uliwahi kusema.

Umesema yule ni mwanamume makini anayefunga milango yake vizuri. Umekosea kidogo tu: huifunga mimi nikiwa ndani. Anakwenda kazini na funguo zote. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili nilikaa siku mbili, kazini wakadhani naumwa. Hanipigi, usije ukaniuliza hilo ukitafuta kumwokoa. Ananifungia. Ananiuliza nilimtazama nani kupitia lenzi ya nani. Aprili alisahau dirisha la stoo, nikatoka kupitia hapo na nguo nilizovaa na mkoba wangu tu. Nilimtumia ujumbe aniachie diski tu. Akajibu kwamba kila kilichomo ndani ya kuta zake ni chake.

Na usiniambie kwamba hukujua! Nilikuandikia miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, kurasa tatu, mara ya kwanza aliponifungia. Ulinijibu. Mimi barua yako niliichana siku ile ile. Lakini wewe huchani kitu. Wewe una boksi. Unapenda nakala, Mjomba, basi nenda kaisome nakala yako. Halafu uniandikie unachokiona, kama ulivyonifundisha.

Umenihubiria tangu nikiwa na miaka tisa kwamba kitu cha thamani hakikai mahali pamoja. Daftari moja lililoliwa na mchwa umelitafutia nyumba ya pili kwa soksi na taulo. Mimi sikuwa na nyumba ya pili. Nilipoiomba, ulinirudisha ya kwanza.

Diski nitaifuata. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya Mama Cherehani.

Mpwa wako


20 Juni

Mwanangu,

Nimekwenda kwenye boksi. Nakala ipo, tarehe 8 Novemba, kaboni imekolea vizuri, hata nukta inasomeka. Ulitaka nikuandikie ninachokiona. Nakunakilia bila kusahihisha:

"Nimepata barua yako ndefu. Nyumba haikosi maneno. Mume anayefunga mlango ni mume anayejali mali yake. Vumilia, mvumilivu hula mbivu. Mtu wa maana kama yule usinitie aibu mbele yake. Hapa bati linavuja."

Mistari sita. Wa mwisho bati. Msichana anaandika kurasa tatu kwamba amefungiwa, na mwanamume mwenye miaka sitini na nane anamjibu habari za bati! Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa juu ya boksi lenyewe. Nimewahi kumkasirikia wakili, mchwa, radi, ofisi ya ramani na kampuni za mtandaoni zisizojua zinakaa wapi. Leo hasira imenigeukia mwenyewe na haina pa kwenda. Nimefedheheka.

Kanuni ya kwanza niliyokufundisha ukinishikia tepu: kona haipimwi kutoka sehemu moja. Unasimama kwenye tangi, unasimama kwenye ukuta, unasimama kwenye kalvati, ndipo unaamini. Nyumba yako niliipima kutoka sehemu moja, nayo ni tai ya mumeo. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza.

Sasa nisikilize, na hii si amri, ni ombi. Usiende kule. Diski ibaki. Baraza nitakwenda mikono mitupu, waniite watakavyo. Nilimweleza Mama Cherehani yote, nikidhani atalia kwa ajili ya kiwanja. Alizima cherehani, akaniuliza, "Na wewe ulimjibu nini mtoto?" Nikamwambia. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Ana haki.

Samahani haitoshi, lakini naiandika, na nakala yake naiweka juu ya ile nyingine.

Mjomba wako


9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimepokea. Nimelia, nikakasirika kwamba nimelia, nikarudi kukata lenzi. Sijui nikwambie nini kuhusu samahani yako, kwa hiyo nitakwambia habari za diski.

Nilikwenda. Jumamosi saa nne asubuhi, jua kali, mtaa mzima ukiwa nje unafua. Nilikuwa na mwenyekiti wa mtaa na Bi Lenzi, ambaye alivaa lile koti lake la kazi makusudi. Mkweo alifungua mlango anatabasamu, tai shingoni. Alitukaribisha viti. Bi Lenzi akasema, "Hatukai. Kabati liko wapi?" Akafungua kabati mwenyewe, akatoa diski, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Soksi yako haikuwepo.

Kisha akasema, "Nilihitaji nafasi ya mechi zangu. Yale mapicha ya madaftari ya kizee niliyafuta."

Mjomba, sijawahi kumpigia mtu kelele mbele ya watu. Siku hiyo mtaa uliacha kufua. Nilimwambia kwamba aliyoyafuta ni mipaka ya watu elfu, kwamba kuna mjane atalala nje kwa sababu yeye alitaka kutazama mpira mara mbili. Akasema nipunguze sauti. Nikaongeza. Miaka minne nilikuwa napunguza.

Nimeipeleka kwa mafundi wawili. Wote wamesema angefuta tu yangeweza kurudishwa, lakini ameandika juu yake, mechi juu ya mechi. Hakuna kitu. Madaftari mia mbili na kumi na mawili.

Ulinikatalia mtandaoni, na ningekuwa na akili ningekukaidi. Nilikuwa na wiki tano, na kompyuta ya kazini ilikuwepo. Nilikutii. Utii ndio ugonjwa wangu, na nimeuacha kule pamoja na kabati.

Mwambie Mama Cherehani nimejaribu.

Mshika Tepu


19 Agosti

Mpwa wangu, Mshika Tepu,

Salamu kwanza, kwa sababu leo nina pumzi ya salamu. Mimi mzima. Goti nimelisahau. Mama Cherehani amenisemesha, na nitakueleza alivyonisemesha.

Barua yako ilipofika nilimpelekea, nikamsomea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza nikasema, "Basi imekwisha, hatuna daftari." Akanitazama juu ya miwani yake. Akasema, "Wewe mzee, daftari la nini? Mtoto si alikuandikia namba?" Nikaanza kumweleza kwamba namba iliyonakiliwa si ushahidi. Akanikatiza: "Sijakuuliza ushahidi. Nimekuuliza, ukiwa na namba huwezi kuchimba?"

Miaka arobaini na moja, mwanangu! Nilikuwa nimeshughulika kulitetea jina langu kwa karatasi, nikasahau kwamba kazi yangu iko ardhini.

Tarehe 14 nilisimama mbele ya baraza na vitu viwili. Ukurasa wa 14 ulioliwa, wenye majina bila namba, mwandiko wangu. Na barua yako ya Februari, karatasi ya mistari, yenye namba, tiki nyekundu, sahihi yangu na tarehe. Wakili alicheka, kama nilivyosema, hasa alipofika kwenye soksi. Niliwaomba jambo moja: waje na tepu yao, si yangu, na mtu wao wa kuchimba. Wakakubali, wakaja wote mchana ule ule, na Bwana Ghala na gari lake.

Mita 17.42 kutoka nguzo ya tangi. Mita 23.06 kutoka ukuta wa shule. Mita 11.65 kutoka kalvati. Vipimo vitatu vikakutana mahali pamoja, kando ya msingi mpya wa ghala, hatua nne ndani ya kiwanja alichokiita chake. Wakachimba. Kwenye nusu mita hakuna kitu, wakili akaanza kufunga mkoba. Kwenye sentimita themanini na nane jembe likagonga. Mzee wa baraza akashuka shimoni mwenyewe, akafuta udongo kwa leso.

Chupa ya kijani. Nzima. Kabla ya barua yako kusomwa barazani, hakuna aliyejua kwamba ipo isipokuwa mimi, mchwa na wewe.

Bwana Ghala ameamriwa avunje msingi wake. Wakili hakuniomba radhi, nami nimemwandikia kumkumbusha, nakala ninayo. Mama Cherehani ameweka chupa dirishani juu ya cherehani yake, na anasema ni yako.

Madaftari mengine yamekwenda. Nisikufiche, inaniuma kila asubuhi. Na mtu aliyeyafuta bado anavaa tai, na hilo linanichemsha damu mpaka sasa. Yaliyosalia, ambayo mchwa hawajayafikia, ni hamsini na tisa, na nimeanza kuyaskani upya. Nimejiunga na hiyo hifadhi ya mtandaoni. Nimewatumia yale maswali sitini na moja, wamejibu mawili, wahuni wakubwa. Diski mbili nimenunua pia. Moja nakuletea, uiweke chini ya godoro, popote, lakini mkononi mwako.

Sasa jambo la mwisho. Chumba kilichokuwa na kompyuta nimekitoa vitu, nimepaka rangi, nimeziba bati na safari hii limezibika. Sikuiti urudi. Una kazi yako, una Bi Lenzi, una chumba chako. Lakini Februari nilitafuta mahali pa pili kwa ajili ya karatasi, na miaka miwili kabla ya hapo nilikunyima wewe. Ndani ya bahasha utakuta ufunguo, nimeufunga kwa soksi, usicheke. Ni wa mlango wa mbele. Nimechongesha mbili, mmoja wangu, mmoja wako, hakuna wa tatu.

Siku yoyote, saa yoyote, kwa sababu yoyote au bila sababu. Usiandike kwanza. Usibishe hodi.

Mjomba wako